Kengele ya Sigi: Nani Anayepanga Siku ya Mtoto?

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Siku iliyofuata ikawa zamu ya vyuo. Ndani ya saa 24 mimi, mhadhiri wa chuo kikuu, nikajikuta sina darasa la kufundisha, na binti yangu wa miaka 6 hana mwalimu wa kumfundisha. Mke wangu ni muuguzi. Kwake yeye hapakuwa na likizo, bali kazi iliongezeka. Tukakubaliana nimchukue mtoto, niende naye kwa mama yangu, Sigi, chini ya milima ya Amani, tukae huko hadi hali itakapotulia.

Nilibeba vitabu vya darasa la kwanza, redio ndogo, karatasi ya manila na rula. Usiku wa kwanza nilichora ratiba. Saa 2:00 hadi 2:40, kusoma. Saa 2:40 hadi 3:20, kuandika. Saa 3:20 hadi 4:00, kuhesabu. Mapumziko ya nusu saa, kisha vipindi vingine 4 hadi saa 8 mchana. Niliibandika ukutani sebuleni nikairudia kuitazama mara mbili tatu, maana ilipendeza.

Haikufika siku ya nne. Siku ya kwanza mtoto alikaa kwa adabu kama mgeni. Siku ya pili alilala juu ya daftari saa 4 asubuhi. Siku ya tatu alijificha bandani kwa kuku, na nilipomwita kwa sauti ambayo mpaka leo siipendi, alilia. Mama yangu aliyekuwa anapepeta mchele barazani hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwanangu, mtoto umemletea ofisi."

Nimeitafakari kauli hiyo kwa miaka kadhaa sasa. Niliichukulia kwanza kuwa kauli ya bibi anayemtetea mjukuu. Baadaye nikatambua kuwa ni kauli ya kihistoria, na ni sahihi. Ratiba ile niliyodhani ni sura ya asili ya elimu ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa, ilikuwa na wazazi, na baadhi ya wazazi hao walipita hapohapo Sigi.

Stesheni isiyo na treni

Msomaji aliyewahi kwenda Amani kwa barabara ya Muheza anaifahamu Sigi. Ukishapita Kisiwani unakuta lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na karibu yake nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyokarabatiwa ikawa kituo cha kupokelea wageni. Vijana wengi huuliza: mkuu wa stesheni gani, ilhali hakuna reli? Reli ilikuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga njia nyembamba ya treni kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Usambara, hadi Sigi, ili kushusha magogo na mbao kutoka msituni. Reli kuu yenyewe ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Huko juu Amani, mwaka 1902, ilianzishwa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ili kuyahudumia mashamba ya walowezi.

Reli, shamba kubwa na taasisi ya utafiti vina tabia moja inayofanana: vyote huhitaji watu wengi wafike mahali pamoja kwa saa moja. Treni haimsubiri mtu amalize kukamua mbuzi. Watu wa milima hii walikuwa na mashamba yao, na hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakatumikie shamba la mgeni kwa ujira mdogo. Wakoloni waliliita jambo hilo uvivu. Kwa hakika lilikuwa ni ratiba mbili zinazogombania siku moja.

Suluhisho la dola lilikuja mwaka 1907 katika wilaya jirani ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi Mzungu kwa siku 30 katika kila miezi 4, kwa mshahara uliopangwa. Asiyetimiza aliswagwa kwenye kazi za umma. Utaratibu wa kuhesabu siku za kazi kwenye kadi, alama moja kwa siku moja, ulienea, nao ukaingia katika lugha yetu kwa jina la kipande. Wanahistoria wameuandika kama habari ya kazi na kodi, na ni kweli. Mimi naomba tuusome pia kama habari ya malezi. Siku 30 alizochukuliwa baba ni siku 30 ambazo mtoto hakufuatana naye shambani, hakuonyeshwa mti upi unafaa kwa mpini na upi kwa dawa, hakuulizwa kitendawili njiani. Kwenye kadi siku hizo ziliandikwa katika hesabu ya kazi. Hapakuwa na mahali pa kuandika kilichokosekana nyumbani.

Kabla ya kengele

Sitaki nieleweke kwamba kabla ya hapo kulikuwa na pepo. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai katika miaka ya 1860, vita vya watawala wa Kikilindi viliiraruraru nchi ya Usambara, na watu waliuzwa utumwani, watoto wakiwamo. Anayeisimulia Afrika ya zamani kama bustani ya amani hajawasikiliza waliouzwa. Tena elimu ya nyumbani haikumgawia kila mtoto sawasawa: msichana alijua mapema mipaka ya kile alichoruhusiwa kujua.

Pamoja na hayo, siku ya kujifunza ilikuwa na mpangilio, na mpangilio huo ulikuwa wa matukio, si wa dakika. Jogoo la kwanza, kuchomoza kwa jua, kurudi kutoka mtoni, jua la utosi, mifugo kurudi zizini, moto wa jioni. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu hiyo. Tunaanza kuhesabu saa kwa mapambazuko, wala si kwa usiku wa manane. Saa moja yetu ni saa ya kwanza ya mwanga. Katika nchi iliyo karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hiyo ni hesabu yenye akili.

Chuo cha Kurani, ambacho pwani na vilimani kilitangulia shule kwa muda mrefu, nacho kilifuata mkondo huohuo. Watoto walisoma baada ya alfajiri na tena baada ya alasiri, kila mmoja na ubao wake, kila mmoja mahali alipofikia. Katikati ya vipindi hivyo mtoto alirudi kwao, akala, akatumwa, akacheza, akalala. Ratiba ilisogea pamoja na jua kwa sababu sala zenyewe husogea pamoja na jua.

Kisha ikaja kengele. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Magila, karibu na Muheza, walikuja nayo. Walutheri waliofungua kituo Mlalo mwaka 1891 nao vilevile. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890, ikakusudia kupata makarani, wakalimani na maakida. Neno lenyewe, shule, tulilipata kwa Wajerumani, na hatukulipata peke yake: tulipata pamoja nalo darasa la umri mmoja, kipindi chenye mwanzo na mwisho, daftari la mahudhurio, na adhabu ya aliyechelewa. Karani alipaswa kuizoea ofisi tangu akiwa mtoto. Mama yangu hajasoma historia ya elimu, lakini aliponiambia nimemletea mtoto ofisi alikuwa hakukosea hata neno.

Mpaka leo katika shule zetu nyingi kengele ni kipande cha reli au rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mwanafunzi wa zamu huigonga kwa nondo. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi historia inavyokaa machoni petu bila kuonwa.

Uhuru na saa zake

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulaani. Lakini mimi nimesomeshwa na shule hiyohiyo yenye kengele ya reli, na baba yangu, mtoto wa kibarua, alijua kusoma kwa sababu yake. Uhuru uliikuta shule ikiwa haki ya wachache. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa shule iliyomtenga mtoto na jamii yake, akataka shule iwe pia shamba na karakana, na akapendekeza umri wa kuanza darasa la kwanza usogezwe mbele. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likavuta lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikamfanya mzazi awajibike kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka 7. Madarasa yalifurika, mengine yakasoma kwa zamu, walimu hawakutosha. Hata hivyo, mamilioni ya watoto wa wakulima waliingia mahali ambapo babu zao hawakuruhusiwa kuchungulia.

Kwa hiyo sizungumzii kuiacha shule. Sheria haituruhusu, na hata ingeruhusu, maskini ndiye angelipa gharama. Ninazungumzia kitu kidogo zaidi, nacho ni zile saa ambazo mtoto mdogo yuko mikononi mwa nyumba: kabla ya umri wa shule, baada ya shule, wakati wa likizo, na pale janga linapofunga milango. Saa hizo tumezigeuza kuwa nakala mbaya ya darasa. Mtoto wa miaka 5 anaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi, anarudi saa 10 jioni, anakutana na mwalimu wa tuisheni mlangoni. Hapo baba Mjerumani wa mwaka 1907 angekuta kipande kimejaa alama.

Siku iliyofaa

Niliivua ratiba ukutani siku ya nne, nikamwuliza mama siku yake ilivyo. Alinitajia mambo manne yasiyokosekana: uji wa asubuhi, kurudi kutoka bondeni kwenye maji, chakula cha mchana, na moto wa jioni. Tukayafanya hayo kuwa vigingi, na somo tukalifunga kwenye kigingi badala ya kulifunga kwenye saa.

Baada ya uji, akili ikiwa bado mbichi, tulisoma. Ukurasa mmoja, wala si zaidi, kwa takribani dakika 20. Akitaka kuendelea, tuliendelea. Akichoka, tulifunga kitabu bila maneno. Kisha alifuatana na bibi yake bondeni. Huko hakukuwa na somo, na nilijizuia kwa nguvu nisilipachike. Hata hivyo alirudi kila siku na maswali, mengi yakiwa na majina ya Kisambaa ya ndege na mimea ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau, na ikabidi tujifunze wawili.

Waliporudi, tulihesabu. Mama alikuwa na iliki na karafuu za kuanika mkekani. Binti yangu alizipanga kumi kumi, kisha mafungu kumi ya kumi. Alijifunza kuwa vibaba vinne ni pishi moja kwa kumimina, wala si kwa kukariri. Kutoa alikuelewa siku kuku walipodonoa fungu moja. Baada ya chakula cha mchana alilala, na alasiri yote ilikuwa yake. Jioni palikuwa na hadithi na vitendawili, naye akadaiwa kutega chake kila usiku. Kuandika kulizaliwa hapo: alitaka kuvihifadhi vitendawili vyake asivisahau, basi akaanza kuviandika, herufi zikipanda na kushuka kama njia ya Amani.

Vipindi vya masomo vya redio tulivisikiliza pale vilipoangukia kwenye kigingi. Visipoangukia, tuliviacha, na hatukujuta. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, binti yangu alikuwa anasoma sentensi nzima bila kunyooshewa kidole.

Kwa mzazi anayeniuliza ratiba ipi inafaa, hilo ndilo jibu langu. Anza na siku ya nyumba ilivyo. Tafuta matukio matatu au manne yasiyokosekana, na uyatumie hayo. Weka jambo moja jipya kwa siku. Kaa muda mfupi, kila siku, na uache muda mrefu usio na kazi. Mtoto mdogo anahitaji kujua kitakachofuata, lakini hana haja ya kujua kitafuata saa ngapi.

Saa za nani?

Ningekuwa mwandishi wa makala za malezi ningeishia hapo. Lakini kulikuwa na mtoto mwingine pale mkekani.

Alikuwa mtoto wa jirani, wa miaka 7, darasa la kwanza kama binti yangu. Mama yake alikuwa akienda vibarua, akitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mara ya kwanza alisimama mbali akitutazama, kisha akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Na mimi nikae?" Akakaa. Alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wangu. Lakini alikuja siku mbili, akakosa tatu. Siku alizokosa alikuwa amebeba mdogo wake mgongoni, au amepelekwa kuuza ndizi barabarani. Nilipokwenda kumsemea kwa mama yake, alinijibu kwa upole, "Baba, mimi ningekaa naye. Lakini nikikaa, tunakula nini?" Sikuwa na jibu. Mshahara wangu ulikuwa ukiingia kila mwezi ilhali chuo kimefungwa. Ratiba yangu nzuri ya vigingi vinne ilisimama juu ya mshahara huo.

Shule zilipofunguliwa, watoto wale wawili walirudi darasa moja la kwanza wakiwa si sawa tena. Ilikuwa miezi 3 na siku kadhaa tu. Tuwafikirie wenzetu wa Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Ndiyo maana nasema ratiba ya mtoto hutungwa kwanza na mwajiri wa mzazi. Mwaka 1907 ilitungwa na kadi ya siku 30. Leo inatungwa na vitu visivyo na ukatili ule, lakini vyenye uzito uleule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Inampa mama mzazi likizo ya siku 84, na baba, siku zisizopungua 3. Siku 3! Na hao ni wenye ajira rasmi. Kibarua wa shamba, mama lishe na dereva wa bodaboda hawamo hata katika hesabu hiyo.

Mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anahitaji kulelewa na wazazi wake. Niliunga mkono, na bado naunga mkono. Lakini wazazi waliouliza "tutamlea saa ngapi?" hawakuwa wakorofi. Dola ilimrudisha mtoto nyumbani bila kuwarudisha wazazi wake. Waraka ulizungumza na shule. Haukuzungumza na mwajiri, wala na barabara inayomla mfanyakazi saa 3 kwenda na kurudi.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa: mnapoandika waraka kuhusu mtoto, ulizeni pia saa za kazi za aliyemzaa. Kwa wanaharakati: kudai muda wa mzazi ni kudai haki ya elimu, hasa kwa vibarua, na shule shikizi iliyo karibu na kitongoji ni muda uliorudishwa kwa mtoto anayetembea. Kwa wanafunzi wangu: nendeni mkaangalie ile nyumba ya stesheni Sigi, kisha ulizeni wazee wa pale siku ya mtoto ilikuwaje kabla na baada. Andikeni majibu yao. Wazee wenyewe wanapungua.

Mama yangu aliitunza ile karatasi ya manila. Anafungia iliki zinazokwenda sokoni Muheza, na mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa amebakisha kipande chenye maneno "saa 3:20, kuhesabu".

Nawasilisha.